Bibi ameniachia kopo la hela za Mjerumani: nigawe kwa idadi au niseme ninachokijua?

Shikamoo Mama.

Naomba jina langu usilitoe. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Temeke na mume wangu na watoto wetu wawili. Ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na kwa miaka minne cherehani yangu ilikaa chumba kimoja na kitanda cha bibi yangu mzaa baba. Tulimleta kutoka Tabora miguu yake ilipoanza kukataa. Nimemwogesha, nimemlisha, nimemsomea. Mwezi uliopita Mungu amemchukua.

Siku kama kumi kabla hajafariki, aliniambia nivute sanduku lake la bati lililokuwa uvunguni. Chini ya kanga zake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, mdomo umefungwa kwa kipande cha kanga. Akauweka mkono wangu juu ya lile kopo, akasema: "Hizi za baba. Usiziache zikapotea." Nikamwambia sawa bibi. Hakuongeza neno. Alikuwa anahema kwa shida, na mimi akili yangu ilikuwa kwenye uji niliouacha jikoni. Leo najilaumu kwamba sikukaa chini nikamuuliza vizuri.

Ndani kuna sarafu 41. Nimezihesabu mara nyingi kiasi kwamba nazijua kama watoto wangu. Kuna hela 11 ndogo za rangi ya kahawia, hela kumi za tundu 4, senti kumi za tundu za Mwingereza 6, shilingi za simba 5, na senti ishirini 3 zenye Mwalimu upande mmoja na mbuni upande wa pili. Kuna rupia mbili za fedha, moja ina simba na mnazi, nyingine ni ya mwaka 1911. Kuna pesa moja ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu na mwaka 1309. Halafu kuna tisa nzito, mbaya mbaya hivi, zimeandikwa 20 HELLER na mwaka 1916. Kwetu inasimuliwa kwamba baba yake bibi alikuwa kibarua karakana ya reli Tabora wakati ule wa vita, na kwamba hela hizo zilitengenezwa mlemle karakana.

Baada ya hitma ya siku ya tatu, familia ilikaa. Baba yangu alishatangulia mwaka 2011. Waliobaki ni baba mkubwa, baba mdogo na shangazi wawili. Baba mkubwa akasema tusianze kuitana kwa sheikh kwa ajili ya vijihela. Tufanye mafungu matano, moja liwe la watoto wa marehemu, yaani mimi na kaka yangu. Kila fungu sarafu nane, na ile moja inayobaki iwe yangu, asante ya kumtunza bibi. Wote wakakubali, shangazi mkubwa akalia. Kazi ya kugawa nikapewa mimi, nije nayo siku ya arobaini. Nilifurahi sana, kwa sababu wangetaka kufuata mirathi, sisi wajukuu tusingekuwa na kitu.

Tatizo lilianza kaka alipoleta dalali kutoka Kariakoo. Yule bwana alimwaga punje za mchele mezani, akapitisha rupia juu yake, akatikisa kichwa, akasema siyo zile zenyewe, hazivuti. Akasema kopo zima ni takataka. Kisha akazitenga zile tisa za 1916 na kusema kwa kutuonea huruma atatoa elfu kumi kwa kila moja. Mtu anaita kitu takataka, halafu anachagua! Nikamwambia mzigo hauuzwi.

Usiku ule, watoto walipolala, nikawasha taa ya cherehani na kuzipanga zile tisa kwenye kitambaa cheusi. Mama, kazi yangu imenizoesha kuona mshono uliohama nusu uzi. Nikatazama neno HELLER. Kwenye sita, miguu ya L zote mbili imechongoka kama ncha ya sindano. Kwenye mbili imejikunja kama ndoana. Na kwenye moja L ya kwanza imenyooka, ya pili ndiyo iliyojikunja. Nikageuza upande wa taji. Taji kubwa ziko saba, dogo ziko mbili. Tena mbili kati ya zote tisa ni nyekundu, ni shaba tupu, nyingine ni za manjano. Nikaingia kwenye simu, nikalinganisha picha siku tatu mfululizo. Ni kweli, hizo ni aina tofauti na wakusanyaji wanazijua, na bei zao hazifanani hata kidogo. Moja ya zile nilizonazo inauzwa mbali sana na wenzake.

Kuna kosa jingine. Kabla ya kujua lolote, hela moja kati ya zile tisa niliisugua kwa limau na majivu. Iling'aa kama bomba jipya. Sasa nasoma kwamba nimeiharibu.

Mume wangu anasema ninyamaze. Anasema miaka minne ya kumwogesha mtu haiwezi kulipwa kwa sarafu moja ya asante, kwa hiyo nipange mafungu kwa akili, kila mtu atapata nane zake, nani ataangalia mguu wa L? Ada ya mtoto wa kwanza tunadaiwa, sitaki kuficha. Kaka hajui, yeye macho yake yako kwenye senti kumi moja ya 1936 yenye jina la mfalme Edward wa Nane, ameambiwa hiyo ndiyo utajiri. Baba mdogo naye hana kazi na anaumwa mgongo.

Nikisema, nitaanzisha vita ndani ya familia iliyonihurumia. Nikinyamaza, nitakuwa nimegawa sawa kwa idadi, na moyoni najua si sawa. Arobaini imebaki wiki mbili. Nifanyeje Mama?

Fundi wa Temeke

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona sarafu. Mara ya pili nikaona uji ulioko jikoni, na nataka nianzie hapo. Umejilaumu kwamba hukukaa chini ukamuuliza bibi vizuri. Mwanangu, anayemuuguza mtu ndivyo anavyoishi, mkono mmoja kwa mgonjwa, akili kwenye moto. Bibi alikuwa anakuona miaka minne. Alijua anamkabidhi nani, na alijua mikono hiyo ina shughuli.

Nikikuelewa vizuri, ni hivi. Umepewa kugawa vitu ambavyo wenzako wanaviona ni vya aina moja, na wewe peke yako umeona kwamba si vya aina moja. Wao wamekubali nane kwa nane wakiamini hela ni hela. Hujaiba, hujadanganya, hata hujagawa bado. Kinachokunyima usingizi ni kwamba umejua. Naona pia kitu ambacho hukukiandika wazi: kuna sehemu ndani yako inahisi kwamba ulistahili zaidi ya sarafu moja ya asante, na unaona aibu kuhisi hivyo. Usione aibu. Kuuguza ni kazi, na kazi ina uchovu wake. Ila ningependa tuitenganishe na hesabu ya mafungu, maana zikichanganyika hutajua unachodai ni nini.

Sasa niruhusu niguse maneno ya bibi. "Hizi za baba." Wewe umeyapokea kuwa ni za baba yake, yule kibarua wa karakana. Inawezekana kabisa. Lakini bibi alikuwa anasema nawe, mtoto wa mwanawe aliyetangulia. Mtu mzima akimwambia mjukuu "za baba", anaweza kuwa anamaanisha baba yake mwenyewe, na anaweza kuwa anamaanisha baba yako. Je, baba yako aliwahi kuzishika? Hizo senti ishirini za mbuni zilianza kutoka mwaka 1966, baada ya Benki Kuu yetu kufunguliwa, kwa hiyo si kibarua wa mwaka 1916 aliyezitia humo. Kuna mkono mwingine uliendelea kujaza kopo lile. Ni wa bibi, wa mumewe, au wa mtoto aliyekuwa anapenda vitu vinavyong'aa? Mimi siwezi kukujibia. Katika barua yako yote sijaona mahali ulipomuuliza yeyote katika wakubwa zako.

Na neno la pili ni "usiziache zikapotea". Hakusema "nakupa", hakusema "gawa". Katika lugha yetu hayo ni maneno ya amana. Lakini mgonjwa anayehema kwa shida hachagui maneno kama hakimu. Wapo masheikh watakaokuambia kwamba mtu akikushikisha kitu mkononi akiwa hai kwa nia ya kukupa, hiyo ni hiba na imeshakuwa yako. Kama alikusudia uchukue baada yake, huo ni wasia, na kwa kuwa wewe si mrithi maadamu wana wa bibi wako hai, wasia kwako unaweza kupita ndani ya theluthi ya mali yake. Hapo ndipo ulipo mlango wa sheria, na una haki ya kuugonga. Hatari yake unaijua kuliko mimi. Mlikuwa wawili tu chumbani. Na baba mkubwa alipowapa ninyi fungu la marehemu, alilitoa kwa huruma, nje ya hesabu ya mirathi. Ukianza wewe kuita sheria, wengine nao wanaweza kuiita yote.

Tuje kwenye sarafu zenyewe, maana hapo umefanya kazi nzuri na nataka uifanye hadi mwisho kabla hujaamua kitu. Hadithi ya kwenu ina miguu. Mwaka 1916 manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziingii, na serikali ya Mjerumani ilikuwa imehamia Tabora. Wakapiga hela zao wenyewe kwenye karakana ya reli, ndiyo maana kwenye zile tisa unaona herufi T, ya Tabora. Mwezi wa tisa mwaka huohuo majeshi ya Mbelgiji yakauchukua mji, na kazi ikaishia hapo. Mihuri ya kupigia ilichongwa kwa vifaa vya karakana, haikutoka kwenye mitambo ya Berlin, kwa hiyo muhuri mmoja haukufanana na mwingine. Taji kubwa na dogo, L iliyochongoka na L iliyojikunja, hayo yote yametokana na mikono ya watu. Kama babu yenu alikuwa kibarua pale, huenda alikuwa hatua chache tu na mashine iliyozipiga. Sina ushahidi wa hilo, wala wewe huna, lakini nimeelewa kwa nini bibi hakutaka zipotee.

Ninachokuomba ni kuwa mwangalifu na jambo moja: kuchakaa na aina ni vitu viwili. Hela iliyozunguka mifukoni inaliwa kwanza kwenye ncha, na ncha ya L ndiyo ya kwanza kuliwa. Ile moja ambayo L ya kwanza imenyooka na ya pili imejikunja, hiyo kweli ni aina inayojulikana, lakini pia inaweza kuwa ya L mbili zilizojikunja ambayo moja imesuguliwa na miaka. Itazame kwa lenzi ya sonara, mwanga uje kutoka ubavuni, si juu. Kama mguu wa L ya kwanza una ukingo mkali hadi mwisho, ndivyo ilivyozaliwa. Kama umefifia kama chaki iliyopanguswa, ni uchakavu. Usitegemee sana uzito kwenye hizi za Tabora, hazikutoka sawa hata zilipokuwa mpya. Rangi isome ukingoni, kwa sababu nyuso hubadilika kwa jasho na moshi. Halafu oanisha: taji lipi liko na L zipi, na ni shaba nyekundu au ya manjano. Aina inajulikana kwa mchanganyiko wa mambo hayo matatu. Andika kwenye daftari, sarafu moja mstari mmoja, piga picha pande zote mbili na rula kando yake.

Nyingine nitazipitia haraka. Rupia yenye simba na mnazi ni ya wakati wa ile Kampuni ya Kijerumani, kabla ya mwaka 1904. Ya 1911 ni ya serikali, na ukiona A ndogo imepigwa Berlin, ukiona J ni Hamburg. Zote mbili zinatakiwa kuwa na gramu 11 na nusu kupita kidogo, na ni fedha ya juu, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi, kwa hiyo kuna sonara atakayetaka kuzinunua kwa mizani akaziyeyushe. Naomba zisiende huko. Ile pesa yenye 1309 ni mwaka 1892 kwa kalenda ya Kizungu. Pesa 64 ndizo zilizofanya rupia, hadi mwaka 1904 walipoleta hela mia kwa rupia, na sisi tukabaki na majina yote mawili, pesa na hela, tukiyatamka kila siku sokoni bila kukumbuka yametoka kwenye nini. Hela ndogo za kahawia zilipigwa kwa mamilioni. Kuhusu senti kumi ya kaka yako, mwambie taratibu. Mfalme Edward wa Nane aliacha kiti mwezi wa kumi na mbili mwaka 1936, ndiyo maana sarafu za Uingereza zenye sura yake ni adimu mno. Hizi zetu za Afrika Mashariki hazikuwa na sura yake, zina jina tu, na zilikuwa zimeshapigwa kwa wingi. Ni kumbukumbu nzuri. Utajiri sio.

Yule wa mchele mfungie mlango. Hakuna sarafu duniani inayovuta mchele. Fedha na shaba hazivuti hata sindano yako ya cherehani. Watu wameuza mashamba wakichimba majengo ya zamani kutafuta "rupia zenyewe", na wengine wametapeliwa kwa ile ya dhahabu ya Tabora, rupia 15 yenye tembo, ambayo nakala zake bandia ni nyingi. Akija tena akakuuliza kama bibi aliacha ya tembo, ujue anatafuta pa kuingilia.

Na ile uliyoisugua. Ndiyo, wakusanyaji wanaipenda rangi ya zamani, na limau imeiondoa, haitarudi kwa dawa yoyote. Lakini hukuharibu mguu wa L wala taji, aina yake bado inasomeka. Usijaribu kuirekebisha. Nyingine ziache na uchafu wake, zishike ukingoni, kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi kavu. Ningependa ujiulize: katika yote uliyoniandikia, kwa nini hilo la limau ndilo uliloliita kosa, na ulilisema bila kuulizwa? Nahisi ni kwa sababu hukutaka libaki siri.

Mumeo hakusema neno la kijinga. Anaona ada, anaona mgongo wako uliokuwa unainama kumbeba bibi, na anakutetea. Ukifuata njia yake, siku ya arobaini itapita kwa amani, kila mtu ataondoka na nane zake. Baadaye ndipo ugumu utakapoanza. Ili ipate bei hiyo uliyoiona, lazima uiuze, na ili uiuze lazima uoneshe picha, na picha siku hizi hazikai mahali pamoja. Kijana mmoja wa baba mdogo mwenye simu anaweza kufika ulikofika wewe kwa usiku mmoja. Hapo swali halitakuwa tena bei, litakuwa ni lini ulijua. Na hata asigundue mtu, utakuwa na kaka yako katika fungu hilohilo. Naye utamficha? Sikutishi. Nakuonesha tu kwamba ukichagua kunyamaza utalazimika kunyamaza kwa miaka, wakati kugawa kungekwisha asubuhi moja.

Kusema nako kuna gharama yake, na sitaki nikupambie. Kuna uwezekano baba mdogo, mwenye maumivu na bila kazi, akataka ziuzwe kesho yake kwa yeyote. Kuna uwezekano huruma ya baba mkubwa ikapungua akisikia neno "thamani". Kuna uwezekano wakasema umezificha wiki zote hizi, ingawa hukuficha. Lakini umedhania kwamba ukisema ni lazima iwe vita, na mimi katika barua yako nimeona watu waliokaa siku ya tatu ya msiba wakakumbuka watoto wa ndugu yao aliyekufa, bila kulazimishwa na mtu. Unawajua kuliko mimi, ila nauliza: umewapima kwa walivyo, au kwa woga wako?

Kama utasema, namna ya kusema ni muhimu kuliko maneno. Usianze na bei. Bei ya kwenye simu ni ya mnunuzi wa mbali, kwa sarafu isiyochakaa na iliyothibitishwa. Dalali wa Kariakoo hatakupa hiyo. Ukitaja tarakimu, watasikia tarakimu tu. Anza na L. Mwite baba mkubwa peke yake kabla ya siku yenyewe, mwashie ile taa ya cherehani, mpe lenzi, mwache aione mwenyewe ndoana na sindano. Mzee akiona kwa macho yake, atakuwa mwenzako katika kujua, na mzigo hautakuwa wako peke yako.

Mafungu nayo si lazima yawe ya nane nane, na si lazima yawepo. Mimi na ndugu zangu tuligawana kanga za mama yetu kwa doti, doti tatu kila mmoja, tukaona tumetenda haki. Mdogo wangu akaangukiwa na ile iliyochakaa, akashukuru sana, kwa kuwa ndiyo aliyobebewa. Mimi nilipata mpya tatu na nikalia nyumbani. Nakueleza hili kwa sababu ninyi mnaweza kukuta shangazi mkubwa hataki hela ya Tabora hata kidogo, anataka shilingi ya simba aliyotumwa nayo dukani akiwa mtoto. Mnaweza kuchagua kwa zamu, mmoja mmoja, mkishajua kila sarafu ni nini. Mnaweza kuziacha zile tisa pamoja bila kuzigawa, kwa jina la babu yenu, na kugawana zilizobaki. Hapo itabidi mkubaliane nani anazitunza, daftari nakala yake ikae kwa nani, na anayekwama kwa shida afanyeje, maana baba mdogo hawezi kununua dawa kwa kumbukumbu. Na kama mtaamua kuuza, uzeni pamoja na kwa uwazi.

Kabla ya hapo, mnaweza kwenda watu wawili, wewe na shangazi mmoja kwa mfano, Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, mkiwa na picha na daftari, kopo likae nyumbani. Waulizeni ni vitu gani, msiwaulize bei. Sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na zenu zote ni za baadaye. Hata hivyo, akitokea mtu anataka kuzitoa nje ya nchi, wahusika waulizwe kwanza, msije mkaingia kwenye matatizo kwa ajili ya haraka ya mnunuzi.

Na ile ada. Naomba uzungumze na shule kuhusu kulipa kwa awamu wiki hii, arobaini isikukute unadaiwa. Mtu mwenye deni la kesho haoni vizuri mguu wa L. Halafu ile asante ya kumtunza bibi, kama moyo wako unasema ni ndogo, unaweza kuisema kwa jina lake, mbele ya wakubwa, kwamba nilichoka na ningependa mlitambue. Hilo ni ombi la halali na halihitaji kupitia kwenye kopo.

Wiki mbili si nyingi, lakini zinatosha kumpigia simu shangazi mkubwa. Usimwambie habari ya taji wala L. Muulize tu, wakati wao wakiwa watoto kule Tabora, lile kopo lilikuwa linakaa wapi, na bibi alikuwa akiliita la nani. Akikujibu, niandikie.

Mama